Kucha za Gita

Mwanangu Yusufu,

Salamu nitaziruka. Mtu hamsalimu mwenzake aliye nyuma ya pazia. Nakusikia hapo sebuleni, umekaa kwenye kigoda changu, unakaza na kulegeza uzi wa tatu, ule mkaidi. Mimi niko chumbani, nimeweka karatasi juu ya sanduku la mama yako, naandika kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Jua bado liko juu. Nimefunga karakana mapema, nimemwambia mama yako kichwa kinaniuma, na si uongo.

Kesho alfajiri Papa Isaya anakuchukua kwenye mtumbwi wake hadi Barumbu kwa koko yako, bibi yako mzaa mama. Hapa mjini hawa vijana walioshika serikali wanawakusanya wa umri wako na kuwapa mikuki, na upande wa pili watu wanasema ndege zitakuja. Kwa hiyo utaondoka, hilo tumekwisha kubaliana. Mambo ya nguo, ya kwanga, mihogo ya kufungwa majanini, ya njiani, ya chumvi ya koko, mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka uzibe masikio. Mimi nimebaki na jambo moja tu. Siku tisa nalizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jana ulipokuja karakana nilifungua kinywa nikuambie, nikaishia kukuuliza kama umekula. Ukanijibu, "Papa, uliniuliza ile sasa hivi." Kweli nilikuwa nimekuuliza.

Bon. Nitaliandika, maana kwenye karatasi nikikwama hakuna anayeniona. Ukimaliza kusoma, peleka kurasa hizi jikoni uzitie motoni. Usizibebe. Siku hizi mtu anapekuliwa mpaka ndani ya viatu.

Jambo lenyewe ni kucha zako nne za mkono wa kulia.

Usikasirike kwanza. Najua ulivyoapa. Mjomba wako, Tonton Bolamba, alipokosa kurudi, ulisimama mbele ya mama yako ukasema, "Sitazikata mpaka Tonton arudie. Atakuta gita ingali na sauti yake." Tangu siku ile imepita miezi mitatu, na kucha zako zimezipita zake kwa urefu. Kila unapoinua mkono kunywa maji, mimi naona kizuizi cha kule gatini, ambako lazima upite kesho, na wale vijana na neno lao: onyesha mikono. Mkono wa shoka unapita, mkono wa wavu unapita. Mkono wenye kucha ndefu zilizosuguliwa wanasema ni mkono wa biro, wa karani wa ofisini aliyekula na wakubwa, na mwenye mkono huo anawekwa pembeni.

Ningeweza kukuamuru, mimi ni baba yako. Lakini nikikuambia uzikate, nitakuwa nimekuambia kwamba Tonton harudi. Na wewe, nakujua, hutalia kwanza. Utaniuliza kwanza, "Umejuaje, Papa?" Swali hilo nalikimbia miezi mitatu sasa.

Ngoja nianzie mbali kidogo nipate nguvu.

Mwaka wa uhuru, wazungu walipokuwa wanakimbia na masanduku nusu wazi, nilikuwa nimemaliza kabati la mzungu mmoja wa upande wa mjini. Nilipolipeleka nilikuta nyumba tupu, na mbwa amefungwa kwenye nguzo analia. Nikamfungua mbwa. Nyuma, kwenye takataka, nikaona gita. Tumbo limepasuka, shingo imelegea, uzi hakuna hata mmoja. Watu walikuwa wanatoka nyumba za jirani na vitanda kichwani, mimi nikatoka na gita bovu. Walinicheka njia nzima. Mama yako alinipokea mlangoni: "Ee Mungu! Wenzako wanaleta magodoro, wewe unaniletea kuni."

Nililitengeneza wiki mbili. Ufa niliuziba kwa ubao mwembamba wa sanduku la majani ya chai, ndiyo maana ukilichungulia vizuri bado unaona nusu ya herufi pale chini ya tundu. Shingo niliitia kigingi na gundi. Likawa gita, ila halina nyuzi, na nyuzi za dukani mji mzima zilikuwa zimekwisha. Nililitundika ukutani likanitazama miezi mitatu.

Hapo ndipo Tonton yako akaja kutoka Barumbu na furushi la samaki wakavu, kijana mwembamba mwenye shingo ndefu, mdogo wa mwisho wa mama yako. Koko alikuwa amemtuma akae kwetu, auze samaki sokoni. Aliniambia mama yako mwenyewe, "Huyu ni wako sasa, mwangalie." Nikasema nitamwangalia. Bolamba hakuketi hata. Aliliona gita akaliteremsha, akaligonga tumbo kwa kidole, akasema, "Shemeji, hii haiko kazi ya duka. Hii iko kazi ya mto." Akafungua mfuko wake wa kuvulia, akatoa nailoni. Uzi mwembamba wa samaki wadogo ukawa wa kwanza, unaofuata ukawa wa pili, ule wa samaki kapiteni ukawa wa nne, na ule mnene wa mbenga, samaki mwenye meno anayekata kila kitu, ukawa wa juu kabisa, ule unaoguna kama mzee aliyeamshwa usingizini. Mpaka leo gita hili ni mbao yangu na mto wao.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Ulikuwa unajifanya unatengeneza baiskeli karibu na mlango ili usikie. Mnyororo wa ile baiskeli ulitengenezwa mwaka mzima.

Nataka nikuambie kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, maana mwanamume mzima akikisema anaonekana mjinga. Sijapata raha katika maisha yangu kama raha ya kurudi kutoka karakana, kunawa uso, kuvua shati, kukaa kwenye kigoda pale mlangoni na kulipakata lile gita bila sababu yoyote. Hakuna harusi, hakuna anayesikiliza, hakuna wimbo hata. Mama yako anatwanga ndizi za lituma nyuma ya nyumba, mchi unapiga, mimi natafuta mahali pa kuingia kati ya mchi na mchi. Nakosea. Nacheka peke yangu, narudia, nakosea pale pale. Nailoni mpya nayo haina adabu, ukiikaza leo kesho imelegea, siku tatu nzima unaibembeleza. Hata kule kukaza ni raha. Waya wa chuma unapiga kelele usikike barabarani, watu waje, wakutupie sarafu. Nailoni inafika mpaka uani basi, inatosha kwa waliomo. Mambo ya huko nje wakati ule yalikuwa yanachacha, leo huyu ni mkubwa, kesho amefungwa, askari wanagombana na wakubwa wao, na mimi sikuwa na uwezo juu ya hata kimoja. Juu ya nyuzi sita nilikuwa na uwezo kidogo. Kidogo sana, jirani yetu Mama Safi ni shahidi.

Unakumbuka alivyokuwa anapaza sauti juu ya ua? "Papa Yusufu! Ule wimbo yenu hauna mwisho?" Haukuwa nao. Ule wetu wa jioni, wa mimi na Bolamba, hatukuwahi kuumaliza, kwa sababu kila tukifika pale panapopanda, mama yako anaita, "Chakula!" na Bolamba hakuwa mtu wa kuacha lituma ipoe. Tunaweka gita ukutani, tunakwenda kula. Miaka mitatu wimbo ukawa unaishia palepale, mpaka ukawa ndio mwisho wake.

Kucha alizianza yeye, kwa uvivu. Alikosa kuzikata wiki mbili, akagusa uzi kwa ukucha, na gita likasema kitu kingine kabisa. Wewe unajua, nakufundisha bure, lakini acha niseme kwa ajili yangu. Kwa nyama ya kidole, nailoni inatoa sauti ya mviringo, ya chini, kama mtu anayeongea na mto wa kulalia mdomoni. Kwa ukucha inang'aa. Tangu siku ile akazifuga nne, kidole gumba na vitatu vinavyofuata, na msasa wangu laini kabisa, ule wa kumalizia milango ya watu wenye heshima, ukawa wake. Ananiibia, najua ananiibia, sisemi. Mimi nilijaribu kufuga nikashindwa. Randa ilivunja ukucha Jumatatu, patasi ikavunja mwingine Jumanne. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Baadaye wivu ukaisha, nikagundua napenda kukaa na kumsikiliza kuliko kupiga mwenyewe. Nikirudi nimechoka, yeye ndiye anapiga, nami nimeegemea ukuta. Jioni ikawa na kucha zake ndani.

Sasa sikiliza.

Vijana walipouteka mji, siku ile ya kwanza ya milio, tulilala chini ya meza ya randa wote wanne. Baada ya wiki habari zikafika sokoni kwamba kwenye vizuizi wanatazama mikono. Mama yako alirudi na kapu tupu, hakusalimu, akamwambia mdogo wake, "Bolamba, kata hii makucha. Kata leo." Bolamba hakubisha. Alichukua wembe wangu wa kunyolea, akaenda kukaa pale mlangoni kwenye mwanga.

Nani alimzuia? Mimi.

Nilisema, "Weka wembe, wewe. Kucha ile umeifuga miezi miwili, fujo hii haimalizi wiki. Halafu utakaa hapa unanipigia kama kibogoyo?" Tukacheka, yeye na mimi, na wewe pia ulicheka, ulikuwepo. Mama yako hakucheka. Bolamba alinitazama kidogo, kama anauliza mara ya pili, nikamkonyeza. Akafunga wembe. Yusufu, sikuwa na sababu nyingine. Sikuwa shujaa, sikuwa napinga serikali yao. Nilikuwa nataka jioni yangu.

Siku mbili baadaye tukaenda gatini, yeye na mimi, kuchukua samaki kwa Papa Isaya. Wewe ulibaki, nilikuagiza unoe msumeno. Kizuizi kilikuwa pale penye mapipa. Kijana aliyetusimamisha ni mdogo kuliko wewe, ana majani kichwani na saa ya mtu mwingine mkononi. Mikono yangu aliitazama mara moja, gundi, makovu, kucha nyeusi, akanipitisha. Akashika mkono wa Bolamba, akaugeuza, akaita wenzake.

"Tazama. Huyu iko mutu ya biro."

Bolamba akasema, "Hapana, mukubwa. Mimi nauzishaka samaki. Hii makucha iko ya gita."

"Gita iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

Wakacheka. Mkubwa wao alikuwa amekaa juu ya pipa, hakucheka. Akanigeukia mimi, kwa sababu nilikuwa bado nimesimama pale, nimevuka lakini sijaenda. "Wewe fundi. Unamujua huyu?"

Mwanangu, nimekuwa nikiandika vizuri mpaka hapa, sasa mkono umekataa. Nimekwenda kunywa maji, nimekupita hapo sebuleni, umeniuliza, "Papa, kichwa ingali inauma?" Nimesema kidogo.

Nilisema, "Hapana, mukubwa. Tulikutana tu mu njia."

Sijui lilitoka wapi. Halikupita kichwani, lilitoka moja kwa moja, kama mtu anavyokwepa tawi. Ulimi hauna mfupa, wanasema, na wangu siku ile haukuwa hata na nyama. Nilimsikia mtu anasema, mtu huyo ni mimi. Na Bolamba, ningetaka angenilaani, ningetaka angepiga kelele "shemeji!" Alinitazama mara moja tu, halafu akamwambia yule wa kwenye pipa, pole pole, kama anayethibitisha bei ya samaki, "Ni kweli, mukubwa. Hatujuane."

Wakamweka pembeni. Wakaniambia, fundi, nenda. Nikaenda.

Siku ya tatu Papa Isaya alikuja karakana. Alikuwa amewaona wakipelekwa kwenye daraja la mto Tshopo, pale penye maporomoko, watu kumi na kitu, na Bolamba miongoni mwao. Hakuna aliyerudi. Hakuna tulichopata cha kuzika. Tangu hapo sauti ya maporomoko, ile tuliyolala nayo tangu tuzaliwe, mimi siilali.

Maneno niliyopaswa kusema nimeyapata baadaye, nikiwa na randa mkononi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado hewani, Yusufu! Ningesema: tazameni vidole vya kushoto, vina mifereji ya nailoni, vigumu kama pembe, karani gani ana vidole vya namna hii? Ningesema, twendeni nyumbani mukaone gita, iko dakika kumi. Ningesema tu, ni shemeji yangu. Maneno matatu. Nimeyasema mara mia kwa mbao, na mbao haziulizi kitu. Majuto ni mjukuu, nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wakikata ubao mfupi, nikijiona nina akili.

Mama yako nilimwambia yote, hata lile neno. Hakunipiga, hakupiga yowe. Alikwenda jikoni akapakua chakula, na akaweka sahani ya nne. Nawe ulidhani, kama alivyotaka udhani, kwamba anamwekea mdogo wake aliyekimbilia mtoni na atarudi. Ulikuwa unaifunika kwa jani la ndizi nzi wasiingie. Mimi nilidhani anaiweka kwa ajili yako, usikate tamaa. Siku hizi nadhani anaiweka mbele yangu ili niione. Sijamuuliza. Kila jioni naila lituma yangu nikiitazama sahani ile, na kila jioni anaiondoa.

Gita sijaligusa. Uliniuliza kwa nini, nikasema vidole vinauma. Ulipoanza kupiga wewe, na kucha zako zikaanza kung'aa vile vile, nilikuwa nabaki karakana mpaka giza nisisikie. Ukaona nimekuwa mkali, nimeacha kukaa nanyi. Haikuwa hasira, ilikuwa aibu, na kwa mzee aibu na hasira zinavaa shati moja.

Usije ukadhani gita ndilo lililomuua. Hilo nalikataa. Wala raha haikumuua, raha ile ilikuwa halali, na kama kuna kitu katika nyumba hii kilikuwa safi ni kile. Ubaya ni kwamba niliipenda kuliko mwenye kucha. Kucha ikikatwa inaota. Nilijua hilo vizuri, nilijua hata inachukua miezi mingapi, mimi ndiye niliyemwambia. Kwa hiyo piga. Barumbu nailoni imejaa kila nyumba, na wajomba zako watakucheka halafu watakuletea. Piga ukiwa umechoka, piga vibaya, piga koko akitwanga. Usilibebe gita hili kesho, lakini lingine litakuja, lilitoka kwenye takataka hili, hata lingine linaweza.

Na koko atakuuliza. Ndiye aliyemtuma mwanawe kwangu. Atakuuliza siku ya kwanza kabla hujakaa. Mwambie. Mwambie yote, na lile neno pia. Usinifunike. Tonton alinifunika mara moja, inatosha.

Nimebaki na hofu, nazo ni mbili. Ya kwanza ni kucha zako, nimekwisha kusema. Ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Kesho nitakusindikiza mpaka kwenye kizuizi, kwa sababu Papa Isaya hawezi kusogea karibu zaidi na mapipa yale. Watatazama mikono. Na huenda mmoja akanigeukia akauliza, fundi, unamujua huyu? Yusufu, naogopa kinywa changu. Nimejaribu karakanani, mlango umefungwa. Nimesema, "Iko mutoto yangu." Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeomba deni. Baba gani anafanya mazoezi ya kusema huyu ni mwanangu? Mimi hapa. Sikuwahi kudhani ningemkana Bolamba, basi siwezi kuapa juu ya kitu kingine chochote. Ndiyo maana nakuandikia: ili kesho ukikaribia mapipa ujue umesimama na mtu wa namna gani, na utegemee mikono yako mwenyewe kwanza.

Mama yako ananiita. Papa Isaya anataka kujua kama tunaondoka kabla ya adhana au baada, lazima niende kabla hawajafunga njia. Kurasa hizi naziacha chini ya kopo la msasa. Nitakupa tukimaliza kula.

Nimerudi. Naandika hiki kipande cha mwisho nikiwa nimesimama.

Papa Isaya anasema kabla ya adhana. Nilirudi mbio, nusu natembea nusu nakimbia, jua linazama, na nilipofika kwenye ua wetu nikasimama. Ulikuwa unapiga. Ulikuwa unapiga ule wetu wa jioni, na nilidhani masikio yangu yana kasoro, kwa sababu sauti ilikuwa ya chini, ya mviringo. Haikung'aa popote. Nikakaza sikio kwenye matete ya ua kama mpelelezi. Ilikuwa nyama tupu ya vidole.

Sikuingia. Nilisimama nje na Mama Safi akaniona, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakusema kitu. Ukafika pale panapopanda. Nikasubiri. Mama yako akaita kutoka jikoni, sauti imekwaruza, "Chakula!" Nawe ukaacha palepale.

Nilipoingia kopo la msasa lilikuwa limesogezwa. Wembe wangu uko mezani, umepanguswa. Jikoni nimeona majivu ya karatasi, kurasa zote, na nje, nyuma ya jiko, mama yako amechimbua udongo kidogo chini ya mgomba na kuusawazisha kwa mguu. Sikuuliza kilichofukiwa. Kucha nne, basi, ndizo tulizopata kuzika.

Umenipa maji ya kunawa, umenitazama usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida, ukatazama kando. Sijui kama umenisamehe au umezikata tu kwa sababu una akili. Sikuulizi. Una haki ya kukaa na jambo hili hadi Barumbu na miaka mingine juu yake.

Kwenye mkeka mama yako amepakua sahani tatu. Nimezihesabu mara mbili.

Ukurasa huu nitakupa kesho njiani, usome ukitembea, halafu uutupe mtoni. Wakitusimamisha pale kwenye mapipa, wewe onyesha mikono tu, unyamaze. Usinisaidie, hata nikichelewa. Swali ni langu, lilikuwa langu tangu mwanzo. Nitasema kwa sauti, mpaka aliye kwenye pipa asikie: huyu ni mwanangu, namjua, na yule mwingine pia nilimjua.

Papa yako,
Ramazani